Jumapili za Shangazi

14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na watu wa harusi wamekurudishia viti vyako vya kukodisha vikiwa na miguu yote. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya safari hii ni ya kuuma masikio. Mama kaniambia mtoto wa kaka ameota meno na wa kwanza kung'atwa ni daktari. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Najua ungependa nikupigie simu, lakini wewe ndiye uliyesema simu yako ni ya kukuamsha asubuhi tu, na kwamba maneno ya simu huwezi kuyasoma mara ya pili. Basi nimetii, kalamu hii hapa.

Kazi inaendelea. Bado niko kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Nasimama mbele ya mashine ya kunyooshea pamoja na mama mmoja mtu mzima mwenye mikono ya mbeba mizigo. Yeye anashika pembe moja ya shuka, mimi nyingine, tunailisha mashine, nalo linatokea ng'ambo limenyooka na lina moto. Kutwa nzima nashika pembe za mashuka waliyolalia watu nisiowajua, huku wangu simwoni.

Maana mume wangu hajambo, nadhani. Yuko kwenye kiwanda cha mikate, upande wa matanuri. Mimi nikirudi jioni yeye anafunga kamba za viatu. Tunapishana mlangoni. Siku hizi tunaongea kwa kifuniko cha sufuria. Kikilala chali, maana yake "nimekula, kilichobaki ni chako." Kikifunika, maana yake "usiguse, cha kazini hicho." Juzi nilikikuta kimeegemezwa ukutani kwa ubavu. Nimewaza siku nzima anataka kuniambia nini.

Shangazi, unakumbuka tulivyokuwa tunakuzingira jikoni, sisi watoto wote, utuhadithie Jumapili zako na marehemu mumeo katika mji huuhuu? Mara mmekwenda kwenye nyumba ya vioo yenye maua ndani, mara mko kwenye boti ziwani, mara mmepotea njia mkarudi kwa miguu mkiwa mmeshikana mikono barabarani bila aibu. Tulikuita Shangazi wa Ng'ambo. Nilipoambiwa mume wangu amepata kazi huku, watu waliuliza mshahara. Mimi niliuliza kama Jumapili zipo. Zipo, ila yeye anazilala.

Wako,
Chiriku

27 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako imekaa posta mpaka ikazoea. Goti linanguruma mvua ikikaribia, mengine ni mazima. Viti vimerudi, lakini kila kimoja kimebandikwa ubani wa kutafuna chini yake. Nimevigeuza uani, nakwangua kwa kisu huku nawalaani maharusi. Baba yako anakusalimu. Kaka yangu huyo ameanza kufanana nawe kwa maneno mengi, sijui nani kamwambukiza nani.

Sasa nisikilize. Nimeisoma barua yako mara mbili. Masikio ya baridi umeyapa mstari mzima, mama wa mashuka umemsifia mikono, na mumeo umemtaja pamoja na sufuria. "Hajambo, nadhani." Mke gani anadhani? Mimi si mtoto.

Nina ombi, na usilikatae maana ni la mzee. Nenda ukaniangalizie tulipokuwa tunakaa. Panda basi la kuelekea stesheni ya zamani, ushuke kwenye mnara wa maji, ufuate barabara ya kushuka. Ni nyumba ya ghorofa yenye duka la fundi saa chini. Dirisha letu lilikuwa la juu kabisa, na nilikuwa naanika soksi za marehemu kwenye ukingo wake, zikianguka fundi saa anatuletea. Mimi nilikuwa namenya viazi kwenye jiko la shule, yeye alikuwa karakana ya mabasi akishona viti, kile kitambaa cha viti kikichanika. Ukikaa kwenye basi lolote la mji ule enzi zile, ulikuwa unakalia mkono wa mume wangu.

Lakini usiende peke yako. Peke yako hutapaona. Mwamshe huyo bwana, mwambie mkwe wake ameamuru.

Shangazi yako

3 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na ubani. Jaribu barafu, unakauka na kutoka wenyewe. Kwetu ni salama. Yule mama wa mashuka amepata mjukuu, ametugawia peremende kazini hadi msimamizi akanuna.

Agizo lako tumelitekeleza. Nilimwamsha, akaniuliza kuna nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ila Shangazi ameamuru. Akavaa bila kubisha. Unaogopwa, ujue. Ndani ya basi alilala fofofo, kichwa begani kwangu, mdomo wazi, na watu wakitutazama. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nilitulia, maana uzito ule nilikuwa nimeusahau. Tulipitishwa kituo, tukarudi kwa miguu.

Nyumba ipo. Fundi saa hayupo, siku hizi wanachonga funguo pale. Mlango wa chini umepakwa rangi ya bluu. Tulisimama ng'ambo ya barabara tukitazama dirisha la juu kabisa. Mtu ameweka chungu cha maua kwenye ukingo wako wa soksi. Mume wangu akasema, "Hivi walikuwa wanaongea nini humo ndani, hawa watu?" Nikamwambia kwa nijuavyo mimi hawakuwa wakinyamaza. 

Halafu palepale barabarani ndipo aliponiambia. Kiwandani wanataka kumpa usimamizi wa zamu ya usiku. Sasa hivi zamu yake ni ya usiku kwa muda tu, ilikuwa imalizike mwaka huu. Akikubali usimamizi, ni usiku moja kwa moja. Anasema nyumba yetu huko nyumbani itapanda haraka, tutaiezeka. Nikamuuliza, "Na sisi?" Akasema, "Sisi ndio hao wa kuingia kwenye hiyo nyumba." Tulirudi tumenuniana. Ila hata ugomvi ule, Shangazi, ulikuwa mtamu kuliko kifuniko. Kile cha kuegemezwa ukutani, nimemuuliza. Alikuwa anakikausha tu.

Mama anasema akatae vipi bahati kama hiyo. Wewe unasemaje? Nakuuliza wewe kwa sababu ninyi ndio mlioishi huku mkaishi kweli.

Chiriku

19 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Kumekuwa na harusi juu ya harusi, utadhani watu wameambiwa ndoa zinafungwa milango. Turubai langu kubwa limechanika katikati ya sherehe, mvua ikamwagikia keki, na bi harusi akalia. Mama yake akanijia juu kama mimi ndiye niliyeileta mvua. Nimelishona mwenyewe, kwa sindano ya marehemu, ile iliyopinda. Barafu imesaidia kwenye ubani.

Nimefurahi kuhusu dirisha. Hicho chungu cha maua kimenichoma kidogo, lakini hata mimi nikikaa pale sasa ningeweka maua.

Kuhusu usimamizi wa mumeo, hayo ni ya watu wawili chumbani mwao. Sina la kusema.

Ila bado hamjaenda ziwani. Umeyataja maboti, basi yaendee. Sisi tulikuwa tunakwenda hasa hali ya hewa ikiwa nzuri. Ni ziwa zuri sana. Maji ni mengi, yanang'aa, na kuna boti za kupiga kasia. Mnapanda, mnakwenda katikati, mnakaa. Marehemu alikuwa mtu wa utani akiwa kwenye maji. Ndivyo ilivyokuwa, kwa kifupi. Nendeni mkanionee.

Nanyi mchukue mkate. Mtu anayeoka mikate ya mji mzima hashindwi kubeba mmoja.

Shangazi

23 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa keki, nimemhurumia bi harusi lakini nimecheka, Mungu anisamehe. Sisi wazima. Joto limefika hata huku, mashine ya mashuka inatuoka sisi kabla ya shuka.

Tumekwenda ziwani! Mkate tulibeba. Boti tulipanda. Kumbe hakuna kati yetu anayejua kupiga kasia. Yeye ana nguvu za kusukuma matroli ya unga, mimi nina nguvu za kukunja foronya, kwa hiyo boti ilizunguka palepale tu. Mwenye boti alikuwa gatini anatupigia kelele, "Pamoja! Pamoja!" na mume wangu anajibu, "Tuko pamoja, boti ndiyo haitaki!" Nilicheka hadi nikaliachia kasia likaelea. Akalifuata kwa mikono, analamba maji kwa viganja kama paka. Shangazi, yule ndiye mtu niliyeolewa naye. Nilikuwa sijamwona muda mrefu.

Tulipotoka tulisimama kusoma ubao ulio getini, unaoeleza habari za ziwa. Umeandikwa kwamba zamani palikuwa machimbo ya kokoto, halafu yakajazwa maji, na mwaka wa kufunguliwa umewekwa. Ni mwaka niliokuwa darasa la pili. Mume wangu akauliza, "Kwani shangazi yako aliondoka huku lini?" Nikamwambia, "Alirudi nyumbani kabla sijazaliwa." Akausoma tena ule ubao. Nikasema, basi walikuwa wanakwenda ziwa jingine, mji huu una maziwa mengi. Akasema, "Lazima." Tukaenda kusubiri basi. Alinishika mkono njiani.

Nakuandikia hilo la ubao ili tu ujue kwamba tumekwenda ziwa lisilo lenu, kosa ni letu. Usijali.

Jambo jingine. Kiwandani wanataka jibu mwezi ujao. Naona anaelekea kukubali. Anasema ni kwa miaka michache, tujinyime sasa tustarehe baadaye. "Jumapili hazikimbii," ndivyo anavyosema. Sijui nimjibu nini. Namwonea huruma, maana anayafanya yote haya kwa ajili yangu, na mimi najiona nampoteza ndani ya nyumba moja. Umeniambia huna la kusema. Nakuomba uwe nalo.

Chiriku

6 Julai

Chiriku,

Nimeruka salamu, nisamehe. Barua hii nimempa binti wa jirani anayepanda ndege kesho, atakuletea mkononi.

Asikubali.

Marehemu alikubali. Viti vya mabasi havishonwi mabasi yakiwa barabarani, mwanangu. Vinashonwa usiku, yakishalala. Naye walimpa usimamizi, naye alisema Jumapili hazikimbii, nami nikaona ana akili. Tukajenga nyumba hii ninayokuandikia. Ina vyumba vingi na vyote vimeezekwa vizuri. Alikaa ndani yake mwaka mmoja na kidogo, na mwingi wa huo alikuwa kitandani anaumwa.

Nilimpenda sana yule mtu. Nilimpenda akiwa amelala. Nilikuwa narudi kutoka kwenye viazi vyangu, nakaa kwenye kiti, namtazama anavyopumua, namwambia habari za siku yangu polepole asije akaamka. Jumapili vilevile. Nilikuwa na maneno mengi kukushinda wewe.

Watoto mlipokuwa mnaniuliza kulikuwaje huko, ningewaambia nini?

Mpe mumeo aisome kwa macho yake. Mama yako usimwambie.

Shangazi yako

25 Agosti

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, kwa mikono miwili. Sisi wazima, wazima kabisa.

Barua yako ilinikuta yeye yuko mlangoni na koti mkononi, anakwenda kazini. Nilisoma, nikampa. Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akakaa kwenye ngazi, akafungua kamba za kiatu kimoja, akabaki amekishika. Mwishowe akaniuliza, "Hivi na wewe huwa unaniongelesha nikilala?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Unaniambia nini?" Nikalia, naye akalia, kiatu mkononi. Kazini alichelewa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Amekataa. Mkubwa wake hakupenda, amemtoa kwenye matanuri na kumweka kwenye kufunga mikate, zamu ya mchana, kazi ya kuanzia upya na watoto wadogo wanaomwita mjomba. Nyumba yetu huko itabaki imeishia usawa wa madirisha kwa muda, kuku wa mama wanalala humo. Mama amekasirika, anasema tumerogwa na baridi. Sikumwambia kitu. Sasa tunaondoka pamoja asubuhi, basi moja, yeye anashuka kabla yangu. Jioni anataka kunisimulia habari za mifuko ya mikate mpaka namwambia anyamaze nipumue. Nimepata mwenzangu wa maneno mengi, Shangazi.

Jumapili ni ziwani. Tumejua kupiga kasia, si sana, lakini tunafika katikati na kurudi.

Halafu kuna mambo ulisahau kutuhadithia kuhusu ziwa. Si ajabu, ni miaka mingi. Nayaandika hapa kusudi watoto wa kaka wakikuuliza usikwame. Boti ni za kijani, na rangi yake inabanduka na kuganda kwenye nguo, mtu asivae nguo ya maana. Maji hayanuki samaki, yananuka chaki iliyolowa. Kasia ni zito kuliko linavyoonekana, na kesho yake linakuachia malengelenge chini ya kidole cha shahada. Bata hawaogopi watu, wanakuja mpaka mkononi, na ukiwanyima mkate wanakufokea. Katikati ya ziwa sauti za ufukweni huzisikii, unamsikia tu uliye naye. Na mtu akisimama ndani ya boti, boti inayumba vibaya, unashika kingo zote mbili unadhani ndiyo mwisho wako.

Haya mambo ni yako. Sisi tumekwenda kukuangalizia tu, kama ulivyotuagiza.

Mwanao,
Chiriku

30 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Marahaba kwa mkwe wangu pia, mwambie nimempokea upya. Goti limenyamaza, sijui limeogopa nini. Viti vyote viko nje, kuna sherehe ya kustaafu ya mwalimu mkuu, na nimewaambia ubani marufuku. Mtoto wa kaka yako sasa anakimbia, na mama yako amepoa, jana kauliza mkwewe anavaa saizi gani ya shati.

Watoto walikuja Jumapili wakanizingira. Barua yako nilikuwa nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nikawahadithia.

Ni kweli, nilikuwa nimesahau. Marehemu alisimama. Tulikuwa tumefika katikati kabisa, kumetulia, hakuna sauti ila yake, akasimama eti anionyeshe bata. Boti ikayumba, nikashika kingo zote mbili, nikampigia kelele, "Kaa chini, wewe, utatuzamisha!" Akacheka. Akaja akakaa upande wangu, na ile rangi ya kijani ikamganda kwenye suruali yake nzuri. Niliisugua ile suruali mpaka mikono ikaniuma. Haikutoka.

Shangazi yako